Bampa zimepauka, na mjomba ana dawa yake

Somo,

Asalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Bombolulu, na kazi yangu ni kupikia watu shughuli. Harusi, maulidi, hitima, nikiitwa naenda. Masufuria, sinia na ndoo za sharubati zote hubebwa na Probox yangu nyeupe, aina ile ambayo bampa hazikupakwa rangi: mbele nyeusi, nyuma nyeusi, vioo vya pembeni na vishikio vya milango navyo ni plastiki nyeusi tupu. Niliinunua ikitoka bandarini. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyenisimamia. Alinikopesha kilichopungua, akahangaika na wakala wa forodha, kisha akaniletea gari mpaka mlangoni kwa sababu wakati huo nilikuwa bado natetemeka kwenye usukani. Kwa hivyo gari hili, tukisema kweli, lina mkono wake.

Tatizo langu ni dogo na nimeona haya kukuandikia. Zile plastiki zimepauka. Zilianza kijivu kwa mbali, sasa ni rangi ya jivu kabisa, na chini karibu na magurudumu kuna mabaka meupe ya duara duara ambayo hata nikisugua kwa sabuni hayatoki. Mvua ikinyesha bampa zarudi nyeusi ti, nami nafurahi peke yangu. Zikikauka tu, hali ni ile ile.

Mjomba ana mahali pake pa kuosha magari, upande wa Kisauni. Hunioshea bure kila wiki, na wiki yenye shughuli hunioshea mara mbili. Maji yake ni ya kisima, kwa kuwa ya mfereji yaja siku yatakapo. Akimaliza hupaka plastiki zote dawa yake anayoichanganya mwenyewe kwenye chupa ya soda: silikoni ya kung'arisha magurudumu, mafuta taa, na kitu cha tatu ambacho hakisemi. Gari latoka likimeremeta. Baada ya siku chache limeshika vumbi lote la barabara, na kabla ya wiki kwisha limerudi jivu, na kwa macho yangu kila mara laonekana limezidi. Ndiyo maana naamini dawa yake ndiyo inayoziua plastiki zangu.

Juzijuzi tulikuwa na harusi Majengo. Ndugu ya bwana harusi alikuja kunisaidia kuteremsha sufuria, akaegemea bampa ya nyuma. Kanzu nyeupe, mpya, ikapata mstari mweusi wa mafuta kutoka pajani hadi gotini. Hakunitukana. Alicheka, akasema, "Mama, gari lako limenipiga chapa." Lakini mama mwenye harusi aliniangalia, na wale ni watu wa kuniita tena au kutoniita.

Tangu siku hiyo natafuta dawa ya kudumu, na kila mtu ana yake. Kuna kijana Nyali apakaye seramiki, ile dawa ya magari inayokauka ikawa ganda. Ameniambia shilingi 9,000 plastiki zote, na ati itakaa miaka mitano. Jirani yangu ni fundi rangi, asema atanipulizia rangi nyeusi kwa bei ya ujirani. Mwanangu mkubwa anasomea umeme na ana ile mashine ya kupuliza hewa ya moto. Ameona kwenye simu watu wakichoma plastiki inarudi nyeusi, na yuwaniomba kila siku. Dada yangu asema mafuta ya nazi. Baba watoto yeye asema neno moja tu: "Gari la kubebea masufuria, wataka ling'are lende wapi?"

Mimi nataka kitu kimoja kitakachokaa muda mrefu, nisishughulike tena. Lakini nikienda kwa kijana wa Nyali, itabidi nimwambie mjomba asipake dawa yake. Na nikimwambia asipake, nitakuwa nimemwambia nini? Mtu aliyenipa gari, anioshee bure, halafu nimwambie mkono wake waniharibia? Na kwa upande mwingine, siwezi kwenda kwenye harusi za watu na gari la kuchafua kanzu.

Nisisahau: nafikiria kuliuza mwakani nikijaliwa, nipate la nafasi zaidi. Sijui kama hilo labadilisha kitu.

Nishauri kama mwanao.

Mama Sinia, Bombolulu

*

Waalaykum salaam, Mama Sinia.

Usione haya. Wateja wako hukuona kwa mara ya kwanza ukishuka kwenye hilo gari, kabla hawajaonja wali, na mtu mwenye kazi kama yako ana haki ya kujali linavyoonekana. Baba watoto na aseme atakavyo.

Nikikusoma vizuri, wataka dawa ya plastiki itakayodumu, na waogopa kuwa kuipata ni kumkataa mjomba. Umeyafunga mambo mawili kwa kamba moja. Mimi naomba tuifungue kwanza, tuone kama kweli yameshikana. Tuanze na plastiki, maana hiyo haina hasira.

Bampa zako ni plastiki ya jamii ya polipropilini, iliyochanganywa na weusi unaofanana na masizi tangu ilipokuwa uji kiwandani. Haina rangi juu wala vanishi, kwa hiyo jua laipiga moja kwa moja. Mionzi ya urujuanimno hukatakata ngozi yake ya juu, inakuwa na nyufa ndogo zisizoonekana na unga mwembamba, na mwanga ukifika hapo hutawanyika; jicho laona kijivu. Weusi wenyewe bado uko chini. Ndiyo sababu mvua ikinyesha bampa zako zarudi ti: maji yamejaza zile nyufa kwa muda. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa plastiki inayoitika maji namna hiyo kwa kawaida huitika dawa pia.

Sasa, wasema dawa ya mjomba ndiyo inayoiua. Una hakika? Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita karibu na utosini, na kati ya miezi hiyo haliendi mbali. Isitoshe, gari lenyewe halikufika bandarini likiwa jipya. Sheria yetu yakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mengi ya yale tununuayo huja yakiwa karibu na mpaka huo, yaani bampa zilikuwa zimeshakula jua la Japani miaka kadhaa kabla ya mjomba kuzigusa. Hata kama asingepaka tone, zingepauka. Alichokifanya yeye ni kuzifunika kila wiki kwa kitu kisichozikinga. Kila kifuniko kikiondoka waona kijivu, na kwa kuwa macho yako yametoka kuona weusi unaomeremeta, kijivu hicho kinaonekana kimezidi.

Simtetei mjomba kwa kila jambo, lakini. Mafuta taa hayana kazi nzuri kwenye gari. Plastiki yenyewe huyavumilia kiasi, ila raba za milango na za vioo hunyonya mafuta ya petroli na jamaa zake, zikavimba na kulegea. Na hicho kitu cha tatu kwenye chupa, ningekuwa wewe ningeuliza ni nini. Kama ni dizeli, ni yale yale ya mafuta taa. Kama ni mafuta ya breki, ambayo wako mafundi wayatiayo kwa sababu yanang'arisha, basi rangi nyeupe ya mlango iko hatarini, kwani mafuta ya breki hula rangi.

Kuna sehemu ya barua yako iliyonifanya nisome mara mbili: yale mabaka meupe ya duara karibu na magurudumu. Huko chini jua halifiki sana. Kisiwa chetu na pwani hii tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yana chokaa na mara nyingi chumvi. Yakirushwa kwenye plastiki yenye vinyweleo yakaachwa yakauke juani, maji huondoka, chokaa hubaki. Sabuni haiitoi. Siki yaitoa. Kwa hiyo yawezekana bampa zako zina magonjwa mawili: juu kuna kupauka kwa jua, chini kuna chokaa ya kisima. Na hakuna dawa duniani, ya shilingi mia wala ya elfu tisa, ipakwayo juu ya chokaa ikashika.

Nina swali lingine, na hili nalitoa kwa kuwa nami nimewahi kubeba masufuria. Ile kingo ya juu ya bampa ya nyuma, mnapoteremshia, mnaburura? Kama ndiyo, baadhi ya weupe uonao pale ni mikwaruzo. Chochote utakachopaka hapo kitaliwa na sufuria kabla jua halijakifikia. Kipande cha mkeka wa raba kikitandazwa wakati wa kupakua na kupakia kitafanya zaidi kuliko dawa, na mtu akiegemea, ataegemea raba.

Haya, dawa zenyewe.

Ziko nyingi kwa majina, lakini kwa tabia ni jamii mbili, na wewe mwanamke wa pwani utanielewa upesi: kuna mafuta ya kupaka mkononi na kuna hina. Mafuta hukaa juu, hupendeza, huoshwa. Hina huingia na kukaa mpaka ngozi yenyewe iishe.

Jamii ya kwanza ni hizi za silikoni. Ya mjomba imo humo, na zile za chupa nzuri za dukani zimo pia. Tofauti ni kwamba zilizochanganywa na maji badala ya vimumunyisho vya petroli hazidhuru raba, hazinati vumbi sana, na baadhi yake hutiwa vizuia mionzi. Ni rahisi na haziharibu kitu: ukikosea unaosha, unaanza tena. Ubaya wake ni kwamba hazina uaminifu wa muda mrefu. Kwa jua hili hesabu wiki chache, kisha unarudia. Tena kuna jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako: je, mjomba akishapaka, huifuta ziada kwa kitambaa kikavu? Dawa yoyote ya kupaka, hata ile ya bei ya juu, ikiachwa imelowa juu ya plastiki itapiga chapa kanzu. Ikifutwa baada ya dakika kumi hivi, haipigi, au hupiga kidogo sana. Yawezekana msiba wa Majengo ulikuwa wa kitambaa.

Jamii ya pili ina matawi mawili. Liko tawi la dawa zenye rangi nyeusi ndani yake, ambazo huingia kwenye vile vinyweleo na kurudisha weusi. Kwa plastiki iliyopauka sana kama yako hizi huonekana vizuri kuliko zote siku ya kwanza, na hukaa kwa miezi. Lakini zinatia doa. Ikigusa rangi nyeupe ya gari lako ikakauka, utakuwa na kazi nyingine, ndiyo maana mafundi wazuri hubandika utepe wa karatasi pembeni kwanza. Na kama plastiki haikusafishwa vizuri, rangi hushika hapa na kuacha pale, bampa ikatoka na madoadoa.

Tawi la pili ndilo hilo la seramiki. Ni utomvu wa asili ya silika ambao hupakwa ukiwa majimaji, kisha ukakauka na kuwa ganda jembamba gumu lililoshikana na plastiki. Likishakauka halinati, halishiki vumbi kama mafuta, na kanzu yaweza kuegemea bila hofu. Kwa jambo lako la harusi hiyo ni faida kubwa, siifichi. Tatizo lake ni matayarisho. Plastiki ambayo imelishwa silikoni kila wiki kwa muda mrefu imejaa mafuta mpaka ndani ya vinyweleo, na seramiki haishiki juu ya mafuta. Lazima isuguliwe kwa brashi na dawa ya kukata grisi, zaidi ya mara moja, isuuzwe kwa maji matamu, ikauke kabisa, kisha ipanguswe kwa spiriti. Halafu hukauka kwa kushirikiana na unyevu wa hewani, nao kwetu haupungui. Yaani hushika upesi, na fundi akichelewa kusawazisha huacha michirizi. Kwenye plastiki iliyochemka juani ndiyo kabisa. Ni kazi ya asubuhi, kivulini, na gari lilale kavu angalau usiku huo.

Ile miaka mitano ya kijana wa Nyali naomba uiulize maswali, kwa heshima. Cerakote, kampuni ya Marekani, huandika kwenye kasha la dawa yao ya plastiki kwamba inadumu zaidi ya kuoshwa mara 200. Tuseme ni kweli tupu. Wewe waoshewa mara moja kwa wiki, nyingine mara mbili. Ukioshewa mara mbili kila wiki, 200 hazifiki miaka miwili. Mara moja, hazifiki minne. Na naamini waliohesabu hawakuhesabia sabuni ya unga, brashi ya sakafu na maji ya kisima. Muulize kijana anatumia dawa gani, atasafisha kwa nini, gari litalala wapi, na ikibanduka baada ya miezi mitatu atafanya nini. Anayeijua kazi atakujibu bila kukasirika, na huenda akaitazama bampa yako kwanza kabla ya kukutajia bei. Akikuambia njoo kesho saa saba mchana, saa moja tu imekwisha, basi umesikia.

Haya ya wengine nitayapita mbio. Rangi ya jirani: polipropilini haipendi rangi. Bila praima maalumu ya plastiki itabanduka vipande vipande, na juu ya mabaki ya silikoni hujikunja na kuacha vishimo. Ikifanywa vizuri ni kazi ya kudumu, lakini "vizuri" hapo ni kuvua bampa na kuanza mwanzo, sijui kama bei ya ujirani yafika huko. Na ile ngozi ya chembechembe ya plastiki huzibwa na rangi, hairudi. Mashine ya moto ya mwanao: weusi hurudi kweli mbele ya macho, kwa sababu ngozi ya juu imeyeyuka ikajilaza. Haikingi kitu, jua litaipausha tena, na akizidisha kwa nukta chache bampa hupinda au kung'aa kipande kimoja daima. Mwambie afanyie mazoezi kwenye ndoo iliyovunjika. Nazi tumwachie samaki wa kupaka.

Sasa lile neno ulilolitia mwishoni kana kwamba halina uzito, la kuuza mwakani. Kwangu mimi lina uzito kuliko mengi yaliyotangulia. Ukilipia miaka mitano ukauza baada ya mmoja, iliyobaki umemlipia mtu mwingine. Kwa upande mwingine, mnunuzi akikuta bampa nyeusi kavu, zisizonata, huamini gari limetunzwa. Akikuta zinazometameta mafuta hujiuliza nini kimefichwa. Lakini "nikijaliwa" ni neno pana. Mangapi tumesema tutayafanya mwakani? Wewe ndiwe ujuaye kama huo ni mpango au ni ndoto ya kupumzishia moyo, na jibu lako hapo litaamua kama wahitaji hina au mafuta mazuri yanayofutwa vizuri. Ile shauku ya "nisishughulike tena" naielewa, ila sijaona dawa ya namna hiyo kwa gari linalolala nje. Hata seramiki hutaka maji mazuri na sabuni laini.

Na mjomba.

Umeniuliza, ukimwambia asipake, utakuwa umemwambia nini. Nami nakuuliza: yeye akisikia, atasikia nini? Umeshamjibia moyoni mwako kabla hujamsemesha. Huyu ni mtu wa kuosha magari. Kutwa nzima huambiwa na wateja paka hapa, hapa usipake. Yawezekana ombi ambalo kwako ni tusi, kwake ni Jumanne ya kawaida. Yawezekana pia sivyo, maana mteja si mpwa. Wewe wamjua.

Ukimweleza habari ya kanzu wazi wazi, kama hadithi, bila kutaja dawa, huenda mwenyewe akasema "ah, ziada hiyo, nitaifuta." Hatari ni kwamba atahisi umemwekea kesi. Ukimpelekea dawa mpya umwombe akupakie yeye, umemweka mahali pake pa ufundi, na huenda akaipenda kwa wateja wengine. Hatari ni kwamba ataichukua kwa mapenzi kisha aipake haraka kati ya magari mawili, kwenye plastiki ya moto, juu ya chokaa, ikabanduka, na sasa una hasara na huwezi kusema kitu. Ukimpitishia mama yako aseme naye, neno la dada lina nguvu, lakini bampa itakuwa imekuwa mambo ya ukoo, na wajua yakishafika hapo hayarudi kuwa bampa. Ukinyamaza na kwenda kuoshea kwingine, Kisauni na Bombolulu ni pua na mdomo. Ataliona gari likipita limeoshwa na mtu mwingine, na hilo nadhani lingemuuma kuliko yote.

Kuna njia ya katikati ambayo haina ushujaa wowote: aendelee kuosha, nawe upeleke dumu la maji ya mfereji la kusuuzia plastiki mwisho, na umwombe kitambaa kikavu. Ukitaka seramiki baadaye, utamwambia tu kwamba hizi zina dawa inayokauka, zioshwe lakini zisipakwe mafuta. Si uongo, na hakuna mkono uliolaumiwa. Lakini yawezekana pia umechoka kuzungukazunguka, na kwamba deni la lile gari lakukaa kooni kwa namna ambayo bampa zimekuwa kisingizio chake. Sikusomi moyo, nimeona tu kwamba kwenye barua yako umenihesabia kila alilokufanyia, na hukuniambia kama ule mkopo umekwisha. Kama haujakwisha, labda hayo ndiyo mazungumzo yanayotakiwa kutangulia. Kama umekwisha, waweza kuongea naye ukiwa umekaa wima zaidi kuliko unavyofikiri.

Huna haja ya kuamua lolote wiki hii. Chagua kipande kidogo kisichoonekana sana, mathalani chini ya kioo cha pembeni upande wa abiria au pembe ya ndani ya bampa ya nyuma. Kigawanye kwa utepe. Nusu yake ipake dawa unayoifikiria, nusu iache, liache gari kwenye jua lako la kila siku na lioshwe kama linavyooshwa. Kijana wa Nyali akikataa kukujaribia kipande, hilo nalo ni jibu. Na ukifikia seramiki ya gari zima, tafuta mwezi usio na harusi. Wajua mwenyewe Ramadhani shughuli hizo husimama, na gari laweza kulala kavu bila mtu kulingoja.

Kwa yale mabaka ya chini, siki nyeupe ya kawaida ya dukani yatosha. Changanya nusu kwa nusu na maji matamu, ipake kwa kitambaa asubuhi kabla ya jua, iache dakika mbili tatu, kisha suuza sana, na usiiache ikaukie kwenye rangi wala kwenye chuma. Yakitoka, ni chokaa. Yakibaki, niandikie tena uniambie yamekaa upande gani wa gari, na gari hulala limeelekea wapi.

Wako,
Somo